Karani wa Volti Tano

"Hodi," alisema Tusekile mlangoni mwa ukumbi, akasubiri kidogo, kisha akaingia.

Alijua fika kwamba hakuna wa kumkaribisha. Humo ndani walilala watu hamsini na tisa, kila mmoja kwenye kitanda chake kilichofunikwa na kubanwa hewa isipite, na aliyelala karibuni zaidi alikuwa na mwaka na nusu hajafumbua jicho. Lakini Tusekile Mwambungu alilelewa na bibi yake kule Busokelo, na kwa bibi huyo mtu hakuingia hata banda la ng'ombe bila kubisha. Basi akabisha. Fundi mwenzake, mzee Kyando, alikuwa amestaafu na kuteremka mlimani miezi kumi na moja iliyopita, na tangu hapo hiyo hodi ndiyo iliyokuwa neno lake la kwanza kila siku. Jamani, neno lisilojibiwa siku mia tatu linauma.

Waliolala hawakuitwa wagonjwa, waliitwa wageni. Homa ya vumbi ilikuwa imewashika mapafu, dawa ilikuwa bado inatafutwa, na njia pekee ya kumsubirisha mtu mpaka dawa ipatikane ilikuwa kumlaza kwenye baridi. Baridi ya kuaminika nchi nzima ilikuwa imebaki huko juu, uwanda wa Kitulo, ndiyo maana Kituo cha Ndumbi kikajengwa pale. Kitanda kikishafungwa hakifunguliwi: hewa ya nje ikiingia, kuvu iliyomo kifuani inaamka kabla ya mwenye kifua. Kwa hiyo huwezi kumshika mgeni mshipa, wala kumwekea kioo puani. Unachoweza ni kutazama umeme anaokula. Pampu ya damu ikisukuma, umeme unapita. Umeme ukikoma, mtu hayupo tena.

Alipita kitanda kwa kitanda, daftari mkononi, akinakili namba za umeme kutoka kwenye viskrini vidogo vya ubavuni. Alipomaliza akaenda kwenye redio.

"Makao, Makao, hapa Ndumbi."

"Nakupata, dada Tuse. Umeamkaje?"

"Salama, kaka. Baridi tu."

"Haya, nipe."

Huyo alikuwa Ngajilo, wa ofisi ya Makao, kule Makambako. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Tusekile aliyajua mafua yake, alikijua kikohozi chake cha asubuhi, alijua anapokunywa chai kabla hajajibu, lakini angepishana naye sokoni asingemtambua.

"Namba moja, tisa. Namba mbili, nane. Namba tatu, sita." Akaendelea hivyo, polepole, mpaka akafika alipokuwa anaogopa kufika. "Namba kumi na saba, tupu."

"Tupu tena?" Ngajilo aliuliza.

"Tupu tena."

"Siku ya pili hiyo. Pole sana, dada."

Hilo neno tupu lilikuwa na historia yake. Zamani walikuwa wanasema sifuri, kama watu wote. Lakini ukungu wa Ndumbi unakula redio, unakula hasa mkia wa neno, na kuna siku mzee Kyando alisema "sita" na Makao wakasikia "si" tu, wakaandika sifuri. Mgeni mzima aliponea chupuchupu. Kyando alipandwa na hasira, akapiga marufuku sifuri hewani. "Kuanzia leo," alisema, "pasipo na kitu semeni tupu. Tupu haifanani na namba yoyote." Na wote waliona ni busara. Ilikuwa busara kweli.

Sheria nayo ilikuwa fupi. Tupu siku tatu mfululizo, kitanda kinafungwa: fundi anazima swichi, umeme mchache wa msimu wa ukungu unaenda kwa waliobaki, na mgeni anazikwa nyuma ya kituo na kitanda chake, bila kufunuliwa. Mwaka ule Tusekile alikuwa amefunga vitatu. Namba tisa mwezi wa tatu, namba thelathini na moja mwezi wa tano, namba arobaini mwezi wa sita. Kila mmoja alimsalia kabla ya kugusa swichi, peke yake, kwa sauti, kana kwamba kuna waombolezaji nyuma yake wa kuitikia amina.

Sasa ilikuwa zamu ya kumi na saba. Ambwene, fundi cherehani wa Tukuyu, miaka ishirini na sita. Mama yake hakuwahi kukosa salamu za redio za Jumapili.

*

Kesho yake, Ijumaa, namba kumi na saba ilisomeka tupu kwa siku ya tatu. Ijumaa ilikuwa pia siku ya kuwageuza wageni wasipate vidonda. Vitanda vilijigeuza vyenyewe, kimoja kimoja, kwa mota iliyolia kama jiwe la kusagia. Tusekile alikuwa amepiga magoti akifuta maji ya ukungu sakafuni wakati kitanda cha kumi na saba kilipoanza kulia. Akainua macho, kwa mazoea tu.

Skrini ilikuwa na namba.

Kumi na mbili, ikasema. Kumi na moja. Hiyo ni mota, akajiambia, mota haijafa. Kisha mota ikanyamaza. Skrini ikasema nne. Nne, nne, nne, muda wa kuhesabu mpaka kumi, halafu ikafutika, ikabaki nyeupe kama mwanzo.

"Wewe," alimwambia Ambwene. "Wewe, unanitania?"

Maiti haili umeme wa nne.

Hapa inabidi tumtazame karani, maana mambo yote yanamzunguka yeye. Ubavuni mwa kila kitanda kuna amplifaya ya kupimia mkondo wa umeme, kidude cha ukubwa wa punje ya dengu. Mafundi wanakiita karani kwa sababu kazi yake ni kukaa pembeni na kuandika kinachopita. Chakula chake ni volti tano. Lakini miguu yake miwili imeshika waya wa volti sitini. Siku ya kwanza Tusekile kuuona mchoro huo alishtuka. "Mzee, huyu si ataungua?" Maana kidude cha volti tano ukikigusisha sitini kinatoa moshi palepale, kila fundi anajua.

Kyando alicheka mpaka akapaliwa. "Ukitaka kujua nani mrefu kati ya watoto wawili, utaanza kupima mlima waliosimama juu yake? Karani haulizi waya uko juu kiasi gani. Anauliza mguu huu na huu imepishana kiasi gani, basi."

Kati ya miguu hiyo kuna kipande chembamba cha chuma. Umeme ukipita unaacha tofauti ndogo baina ya ncha zake, sehemu chache za elfu za volti moja, na karani hataki zaidi ya hiyo. Sitini iliyo chini ya ncha zote mbili haimhusu. Na ujanja wake mkubwa ni huu: ile sehemu yake ya mbele, inayoshika waya, haili kwenye volti tano. Inakula hukohuko juu, kwenye waya uleule inaoupima, tonge dogo lisilohisiwa na mtu. Kisha inateremsha mkondo mwembamba kama uzi hadi upande wa chini, na huo ndio unaoleta habari kwenye skrini. Hata ukimnyima karani zile tano zake, sitini hazimdhuru. Tusekile alimpenda kwa ajili hiyo. Mdogo, ameshika kitu kinachomzidi mara kumi na mbili, na haungui.

Lakini sasa alikuwa amesimama mbele ya skrini nyeupe, akijiuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza. Huyu anayekula kwenye waya anaoupima, waya ukikauka atakula nini?

Alikimbia stoo. Akafukua karatasi za watengenezaji, akaifuata kwa kidole mistari ya herufi za kusumbua macho. *Miguu ya kupimia: kuanzia volti tatu hadi themanini.* Wote walikuwa wameusoma mstari ule. Wote walitazama themanini, wakashusha pumzi, wakaufunga ukurasa. Waliogopa kuungua. Njaa haikumjia mtu akilini.

Akarudi na mita ya mkononi, akafungua kisanduku cha ubavuni, akagusa waya wa kumi na saba. Volti mbili. Akaubana waya kwa mita ya koleo, ile isiyohitaji kula kwa mtu. Nne.

Akakaa chini sakafuni, kwenye maji.

Mwezi wa pili Makao walileta mpango mpya wa vitanda. Mgeni akizama kwenye usingizi mzito hasa, ule mzuri, wa pampu kwenda taratibu, kitanda kinashusha waya wake ili kuokoa umeme, na kuupandisha tena kwa muda tu mota inapogeuza. Karani aliyeshiba, hata pasipopita kitu, huinua mkono kidogo kusema nipo, na skrini huandika sifuri. Karani mwenye njaa hainui kitu. Skrini inabaki bila namba. Na yeye Tusekile, fundi mwenye miaka kumi na tisa kazini, aliposoma skrini isiyo na namba alisema nini? Alisema tupu. Kwani ilikuwa na nini? Ilikuwa tupu. Na Ngajilo, kule Makambako, alipoisikia aliandika duara la sifuri.

Ambwene hakuwa anakufa. Alikuwa analala vizuri kuliko wote ukumbini. Na walikuwa wanalala hivyohivyo namba tisa, na thelathini na moja, na arobaini, asubuhi zile alipowasalia.



*

"Usitaje namba hewani," Ngajilo alisema Tusekile alipomaliza kumweleza. Siku za kazi laini ilikuwa ya wao wawili tu, lakini alisema kwa kunong'ona.

"Kaka, nimeshamweleza Mungu. Wewe utanizuia nini?"

"Sikuzuii. Nisikilize." Akakohoa, na kikohozi hakikuwa cha asubuhi. "Wewe ulisema tupu, mimi nikaandika sifuri. Tumo wote kwenye shimo hili. Sawa?"

"Sawa."

"Amri ya kumfunga kumi na saba imeshatiwa saini, inangoja Jumapili saa sita. Kuifuta kunataka sababu, na sababu ni moja tu, kwamba karani si wa kuaminika. Watauliza tangu lini. Na ndugu wakisikia, dada, hawatakaa chini kungoja tume. Watapanda huko na mashoka kufungua vitanda, kila mmoja amhakikishe wake. Utawazuia peke yako? Watakufa wangapi siku hiyo?"

Tusekile alijua ni kweli.

"Kwa hiyo nimzime?"

"Mungu apishe mbali! Nani kasema umzime? Sema umemzima. Mimi nitaandika amefungwa. Wewe muache alale. Wengine wakileta skrini nyeupe, niambie mita mbovu, nitajaza mwenyewe. Hafi mtu tena."

"Na mama yake?"

"Ataambiwa ameondoka."

"Atalia."

"Atalia, lakini atamlilia mtu aliye hai. Yaliyopita si ndwele, dada Tuse. Tugange yajayo."

*

Jumamosi hakufanya kazi. Alileta kiti chake karibu na kitanda cha kumi na saba, akakaa hapo na blanketi.

Tuseme ukweli: shauri la Ngajilo lilimnogea. Hilo ndilo lililomtisha. Alimjua Ambwene kwa salamu za mama yake. Alijua alishona suti ya bwana harusi bila kumpima, kwa macho tu, na ikamkaa. Alijua anachukia maharage na kwamba alimkimbia mbwa wa mchungaji mpaka akapanda juu ya paa la kanisa. Akiandikwa amefungwa, hakuna duniani atakayejua yu hai isipokuwa mwanamke mmoja wa miaka arobaini na nne aliyevaa sweta mbili. Mama hatamsalimia tena. Jina litatoka kwenye orodha. Dawa ikija, atakapofumbua macho, uso wa kwanza, na labda wa pekee, utakuwa wa Tusekile. Atakuwa wake. Atapata mtu wa kumwambia karibu.

Alilifikiria hilo mchana kutwa, na lilikuwa tamu, na jua lilipotoboa ukungu kidogo mnamo saa tisa alijiona kwenye kifuniko cha kitanda, ameinama, mkono umelala juu yake usawa wa kifua cha mtu asiyemjua, na akajiona kama mwizi.

"Samahani, mwanangu," alisema, akaondoa mkono.

Bado hakuwa amekata shauri. Alikuwa na hofu ya mashoka. Alikuwa na hofu ya jela pia, na zaidi ya jela alihofia siku ambayo hakuna sauti yoyote itakayomsemesha, hata ya Ngajilo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, bibi yake alizoea kusema. Yeye ulimi ulikuwa umeshajikwaa mara tatu, na kila ulipojikwaa alianguka mtu mwingine.

*

Jumapili saa nne asubuhi ilikuwa saa ya salamu. Laini ilifunguliwa kwa ndugu wote, kila mmoja kwenye kituo cha redio cha wilaya yake, na wote walisikiana.

"Ndumbi, una wageni," Ngajilo alifungua, kama kila Jumapili. Sauti yake ilikuwa kavu.

Wa kwanza alikuwa mama Lugano wa Rungwe, mjane wa namba thelathini na moja. "Mimi sina wa kumsalimia tena, mwanangu, unajua. Nimezoea tu kuja. Hujambo wewe?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kula vizuri huko, kuna baridi."

Kisha watu wawili watatu, salamu fupi. Kisha mama Ambwene, na yeye huwa hapigi hodi, anaingia tu. "Mwambie mdogo wake kajifungua jana! Wa kiume! Wanagombania jina, mwambie kama ana neno alilete ndotoni, maana baba mtu anataka kumwita jina la mchezaji wa mpira..."

Watu wakacheka kwenye laini. Tusekile aliangalia saa ukutani. Amri ilikuwa ya saa sita. Hakuwa amepanga maneno. Aliibonyeza swichi ya kusemea.

"Mama Ambwene, ngoja. Nyote ngojeni. Nina neno, na naomba asikate mtu mpaka nimalize."

"Dada Tuse," Ngajilo alisema, "laini yako inakwaruza, nadhani..."

"Haikwaruzi, kaka."

Ngajilo alikuwa na uwezo wa kuikata kwa kidole kimoja. Tusekile alimsikia akihema. Hakuikata.

Akasema. Alisema habari ya karani na waya, kwa maneno ya kawaida, bila kujikosha. Alisema kwamba skrini ikikosa namba si kifo, ni usingizi mzito, na kwamba yeye aliita zote mbili kwa neno moja. Alisema Ambwene ameandikiwa kuzimwa leo na yeye hatamzima. "Na nawasihi, kwa Mungu, mtu asipande kuja kufungua kitanda. Mkifungua mtawaua. Kila mwenye shaka aniulize, nitapima kwa mita nyingine na kumsomea hapahapa, mmoja mmoja, hata ikichukua wiki. Sitaondoka hapa. Wakija kunikamata watanikuta."

Mama Ambwene akauliza, taratibu: "Yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Nne. Amelala kuliko wote."

Mama alipiga kigelegele kilichofanya spika itetemeke, na wengine wakakidaka kutoka Tukuyu na Kyela na Njombe, vigelegele juu ya vigelegele, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja chumba cha Tusekile kilijaa watu. Alijikuta anacheka huku machozi yanamshuka.

Kelele zikapungua. Sauti moja ilikuwa inangoja zamu yake, kwa adabu, mpaka wote wamalize kufurahi.

"Mwanangu," alisema mama Lugano. "Na baba Lugano, mwezi ule wa tano. Yeye ilikuwa ipi?"

Mtu fulani akaanza kusali chinichini, akaacha.

"Skrini haikuwa na namba, mama."

"Siku zote tatu?"

"Zote tatu."

"Kwa hiyo alikuwa amelala."

"Ndiyo, mama."

"Nani aliyemzima?"

"Mimi. Kwa mkono wangu."

Hakusikia kilio. Angependa kusikia kilio, au tusi, au kishindo cha mtu akitupa kipaza sauti na kuondoka. Alisikia pumzi tu, ya mwanamke mzee, karibu sana na redio, inaingia na kutoka.

"Nilimlilia nikijua Mungu kamchukua," mama Lugano alisema mwishowe. "Sasa nianze upya."

"Ndiyo, mama."

"Basi usizime hiyo redio. Nieleze siku yake hiyo ilikuwaje, tangu kulipokucha. Usiruke kitu."

Tusekile alivuta kiti akakaa. Akamweleza kwamba ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo, na kwamba alipoingia ukumbini alimwamkia baba Lugano kabla ya wengine.